Kuna aliyewahi kupanda gari la kebo kwenda kazini kila siku?

MamaShamimu_Mutungo (Jumapili, saa 3:20 usiku)

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Mutungo hapa Kampala, juu kabisa kilimani, na kazi yangu ni kufua na kupiga pasi mashuka katika hospitali moja upande wa Mulago. Kwa macho si mbali. Asubuhi ukungu ukishaondoka nasimama nyuma ya nyumba naona vilima vya mji vimejipanga kimoja nyuma ya kingine, najisemea ndege angefika kabla chai haijapoa. Lakini mimi si ndege. Nashuka kwa boda hadi stegi, yaani kituoni, napanda taksi, lile basi dogo letu, hadi mjini, natembea kati ya watu na mikokoteni, napanda taksi ya pili hadi Wandegeya, halafu napandisha mlima kwa miguu.

Zamu inaanza saa moja asubuhi. Natoka nyumbani saa kumi na moja kasoro robo. Jumatano iliyopita mvua ilianza alfajiri. Boda ambayo huniteremsha kwa elfu mbili ikataka elfu tano, taksi ikakwama kwenye jamu ya Jinja Road, dakika arobaini gurudumu halijazunguka. Nilifika saa mbili na nusu. Mwenzangu wa zamu ya usiku alikuwa bado amesimama kwenye beseni, na kwake ana mtoto wa miezi minne. Hakuniambia neno. Afadhali angenigombeza.

Jioni ile mwanangu akanionyesha kwenye simu magari yanayoning'inia kwenye waya, yanapita juu ya mapaa, watu wamekaa ndani na mikoba yao. Akasema ni usafiri wa kawaida huko, si wa watalii. Na habari za kebo hapa Kampala nimezisikia zikitajwa miaka mingi sasa. Kwa hiyo nauliza wenye kujua, siyo wa kubahatisha. Linayumba? Umeme ukikatika mnabaki wapi? Radi zetu za hapa mnazijua, inakuwaje? Mtu mwenye gunia la matooke anaruhusiwa, au ni la wenye vibegi tu? Na nauli, mtu wa mshahara kama wangu anaiweza kila siku, kwenda na kurudi?

SistaWaVilima (Jumapili, saa 4:45 usiku)

Asalaam aleikum, Mama Shamimu. Mimi ni mtawa, Kiswahili nilikipata unovisini, kwenye mafunzo ya utawa, Tanzania. Shirika letu lilinituma Bolivia, nikaishi El Alto miaka mitatu, 2015 hadi 2018. Gari la kebo lilikuwa ndiyo taksi yangu. Nimelipanda mara nyingi kuliko nilivyopanda kitu kingine chochote katika miaka hiyo, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Kwanza uone mahali penyewe. La Paz imekaa ndani ya bakuli, karibu mita 3,600 juu ya bahari. El Alto iko ukingoni mwa bakuli, juu zaidi ya mita 4,000. Hewa ni nyepesi, ukipanda ngazi ishirini unasimama kushika kifua. Asubuhi watu wa El Alto wanateremka kufanya kazi, jioni wanapanda, na kabla ya kebo wote hao walibanana kwenye mabasi madogo yanayozunguka kona za mlima. Mwezi wa tano 2014 wakafungua mstari wa kwanza, mwekundu, kutoka kituo cha zamani cha treni hadi juu sokoni. Ni kilomita mbili na kidogo, dakika kumi. Mistari mingine ikafuata, kila mmoja na rangi yake, hadi ikawa kumi.

Kuhusu kuyumba. Kituoni kebo haisimami. Kabini, kile kibanda mnachokaa, inaingia, inapunguza mwendo hadi ule wa mtu anayechagua nyanya sokoni, mlango unafunguka wenyewe, unaingia, unakaa. Akija mzee mwenye mkongojo au mtu wa kiti cha magurudumu, mhudumu anapunguza zaidi. Mnakaa watu kumi, watano upande huu na watano upande ule, magoti yanatazamana. Mlango ukifungwa, kabini inatupwa mbele kidogo, na hapo siku ya kwanza nilishika rozari. Inatikisika inapopita kwenye nguzo, tumbo linapanda kidogo, kisha kimya. Ndani hakuna injini. Nilikuwa nasikia mbwa wakibweka huko chini, na mtu akipigilia bati.

Kitu kimoja nilikipenda tangu mwanzo: anayeingia anasalimu. Hata kama wamekaa wageni watupu, anasema habari za asubuhi na wote wanaitikia. Akishuka anaaga. Ilinikumbusha nyumbani kijijini.

Nauli ilikuwa boliviano 3, kama shilingi 1,500 na ushee za kwetu wakati ule. Ukibadilisha mstari unaongeza boliviano 2. Wanafunzi na wazee walilipa nusu. Basi dogo lilikuwa nafuu kidogo, na nisikudanganye, walikuwapo majirani zetu waliobaki kwenye basi kwa sababu ya hiyo tofauti ndogo. Mwenye watoto wanne anahesabu.

Mizigo: akina mama wa Kiaymara, wenyeji wa asili wa milima ile, hubeba mgongoni kwa kitambaa cha rangi kinachoitwa aguayo, kama sisi tunavyofunga kwa leso. Mtoto humo, viazi humo. Wote waliingia. Ila gunia zima la kuburuta sikuwahi kuona likipita mlangoni. Lile lilikwenda kwa gari la chini.

Radi sasa. Ikianza, kebo inasimamishwa. Hakuna kubembeleza. Walio hewani wanafikishwa kituoni, na milango inafungwa hadi wingu lipite. Jioni nyingi za miezi ya mvua nimekaa kwenye ngazi za kituo na mkate mkononi, pamoja na watu mia. Kwa hiyo usiamini atakayekuambia mvua haitakugusa tena. Mvua ya kawaida haina neno. Radi na upepo mkali ndivyo vinavyofunga.

Na kebo haikufikishi mlangoni. Kutoka kituo cha juu hadi parokiani kwetu nilitembea dakika ishirini na tano. Alhamisi na Jumapili, siku za soko kubwa la juu, foleni ilitoka nje ya kituo ikazunguka ukuta.

Vituo vile vina majina mawili, la Kihispania na la Kiaymara. Kile cha katikati kiko makaburini. Kihispania kinaitwa tu Makaburi, lakini Kiaymara ni Ajayuni, mahali pa roho. Cha juu ni Jach'a Qhathu, soko kubwa. Kwa mtu ambaye bibi yake alidharauliwa mjini kwa lugha yake, kusoma neno lile kwa herufi kubwa ukutani si jambo dogo. Najiuliza hapa tungeandika nini.

Nilikuwa nakutana na mama mmoja muuza viazi vilivyokaushwa, karibu kila jioni. Alikuwa akikaa tu, anasinzia. Dakika saba, nane. Kabla mlango haujafunguka anaamka mwenyewe, anakaza kofia, anashuka. Kwenye basi asingethubutu kufumba macho na fedha ya siku nzima kiunoni. Nikiulizwa faida ya gari la kebo ni nini, mimi namkumbuka yule mama na usingizi wake.

FundiLifti_Kla (Jumatatu, saa 1:05 asubuhi)

Sista ameeleza vizuri sana. Mimi ni fundi wa lifti za maghorofa hapa Kampala, kebo yenyewe sijaigusa, lakini ukoo wake na wa lifti ni mmoja, nami nimeusomea. Nijibu la umeme.

Kabini haina injini kabisa. Mota kubwa iko kituoni, inazungusha kebo moja ndefu ya chuma iliyounganishwa mwisho kwa mwanzo kama mkanda wa cherehani. Kabini inaishika ile kebo kwa koleo lenye springi. Ikiingia kituoni koleo linaachia, kabini inateleza polepole kwenye reli yake huku kebo yenyewe inaendelea kukimbia. Ndiyo maana Sista aliona kituoni inakwenda kama mtu sokoni, na nje inaruka mita tano kwa sekunde. Umeme ukikatika, kuna injini ya dizeli ya akiba. Haikimbizi, inavuta taratibu hadi wote washuke. Mama Shamimu, utachelewa, lakini hutalala angani.

Kuhusu watu wangapi, fanyeni hesabu. Kabini ya watu kumi kila sekunde 12 ni kabini tano kwa dakika, watu 50. Kwa saa ni 3,000, upande mmoja. Taksi yetu ni ya abiria 14. Ili zibebe watu hao ni taksi zaidi ya 210 kwa saa, barabara moja, zote zimejaa, hakuna inayosimama kusubiri abiria, hakuna inayosimama katikati ya njia mtu akisema maaso awo, yaani nishushe hapo mbele. Hiyo barabara hatuna. Lakini pia msiifanye kebo kuwa treni. Mwendo wake ni kilomita 18 kwa saa. Safari ya kilomita sita ni dakika 20, jamu iwepo isiwepo. Njia ya treni ya mjini kwa saa inaweza kubeba mara nyingi zaidi ya hapo.

Wasiwasi wangu mimi si mvua, ni ukaguzi. Kebo ya chuma inaoza kwa ndani. Nyuzi zinakatika moja moja huko katikati na kwa nje inang'aa, kwa hiyo inapimwa kwa kifaa cha sumaku. Koleo zinafunguliwa moja moja. Miji inayofanya vizuri inafunga mstari siku kadhaa kila mwaka kwa kazi hiyo na kutangaza mapema. Nimeshaona jengo la hapa, silitaji, ambapo mwenye nyumba aliniomba nisaini kitabu cha lifti bila kufungua mashine, kwa kuwa wapangaji watalalamika. Nilikataa, akatafuta mwingine. Kwenye lifti kuna breki zinazoshika reli za pembeni. Kule juu ya mapaa ya watu nataka kwanza nimjue mtu atakayekuwa na mamlaka ya kusema leo tunafunga, na asifukuzwe kwa kusema hivyo.

Boda_Kalerwe (Jumatatu, saa 6:30 mchana)

Salamu kwa wote. Naandikia stegi, abiria hakuna saa hizi.

Watu wanadhani sisi wa boda tutapinga. Mimi sipingi. Sista ametembea dakika ishirini na tano kutoka kituoni, hizo dakika ndizo kazi yangu. Nikiacha kukimbizana na malori ya barabara ya Bypass nikabaki kupeleka watu kituoni na kuwatoa, mke wangu atashukuru Mungu.

Ninachopinga ni kingine. Huko Bolivia maskini wako juu mlimani. Kwa hiyo kebo ikienda juu inawafikia. Sasa angalieni Kampala. Juu ya Namirembe na Rubaga kuna makanisa makuu. Kibuli msikiti, Mengo ikulu ya Kabaka, Kololo mabalozi, Nakasero mahoteli na ikulu nyingine. Mama Shamimu samahani, najua Mutungo kuna wa hali zote, lakini kwetu mwenye pesa amepanda, na maji yanashuka kwetu. Naishi Bwaise. Mvua ikinyesha saa moja tu, kitanda tunakiinua juu ya matofali. Watu wako bondeni: Bwaise, Katanga, Kisenyi, Namuwongo. Hao ndio wanaoamka saa kumi kwenda kuwafagilia walioko juu.

Kebo inapenda vilele, nguzo zinasimama pazuri, kamba inaruka bonde. Wakichora mstari kutoka kilima hadi kilima, itapita juu yetu. Tutaona matumbo ya kabini. Chukueni Mulago na Makerere, katikati ni Katanga. Ni rahisi mno kuweka kituo Mulago, kituo Makerere, na Katanga ikabaki kuwa mahali pa kutazama kupitia kioo. Kama ni hivyo mimi siitaki. Kituo kishuke hadi chini, hata kama ni ghali, hata kama udongo wa chini ni wa kinamasi na nguzo itahitaji kuchimbiwa sana.

Mwalimu_Bombo (Jumatatu, saa 12:10 jioni)

Kaka wa Kalerwe umegusa mahali penyewe, na yapo ya kukuunga mkono. Nafundisha jiografia.

Medellín, Kolombia, walifungua mstari wao wa kwanza 2004 kwenda mitaa ya mlimani ya Santo Domingo. Walikuwa tayari na treni ya mjini tangu 1995, kebo ikaungwa nayo kituoni Acevedo, tiketi moja. Na hawakuishia kwenye nguzo. Walijenga njia za miguu, madaraja madogo, shule na maktaba kuzunguka vituo. Mtu wa mtaa ule hakuona kebo ikimpita, aliona serikali inashuka kituoni kwake.

Rio de Janeiro ni upande wa pili. Kebo ya Alemão ilifunguliwa 2011, kilomita 3.5, vituo sita, juu ya favela kubwa, yaani mtaa wa maskini. Wenyeji wengi walikuwa wakidai maji safi na mifereji ya maji machafu kwanza. Mwaka 2016, Olimpiki ilipokwisha, ikasimama. Nguzo zikabaki juu ya mapaa.

Na tusione haya mambo ni ya Amerika tu. Aljeria wanazo nyingi. Constantine ni mji uliopasuliwa na korongo, wakavusha kebo mwaka 2008, vituo vitatu. Kile cha katikati, Mama Shamimu, kiko kwenye hospitali kuu ya mji.

SistaWaVilima (Jumatatu, saa 3:00 usiku)

Kaka wa Kalerwe, nimesoma maneno yako mara mbili kabla ya sala ya usiku. Nilikuwa naandika kama mtu aliyefurahia safari, na ni kweli nilifurahia. Lakini sikuwa nimeona kwamba nilikuwa naishi upande ulioletewa kebo. Ungekuwa La Paz ungeona mistari inakwenda hadi bondeni pia, kusini kwenye nyumba za wenye nacho, na watu wa El Alto walikuwa wakiitumia kwenda huko kazini. Wale wa kusini nao wakaanza kupanda kwenda soko la juu, wengine kwa mara ya kwanza maishani mwao. Magoti yakatazamana. Hilo nililiona kwa macho yangu. Lakini lilitokea kwa sababu kila upande ulikuwa na kituo.

MamaShamimu_Mutungo (Jumanne, saa 2:40 usiku)

Nawashukuru nyote, Mungu awalipe. Leo nilifika saa moja kasoro dakika tano. Mwenzangu aliondoka kwa wakati.

Boda wa Kalerwe, hujanikosea. Mimi Mutungo ni mpangaji wa chumba kimoja, nyuma ya nyumba ya watu.

Saa ya chakula nilitoka na dada wawili tunaofanya nao kazi, mmoja anakaa Katanga tangu azaliwe. Kutoka tunapoanika mashuka tunaiona yote, mabati yamebanana hadi ng'ambo, na Makerere juu yake. Nikawasomea mliyoandika. Nikamwambia fikiria kamba inatoka hapa, inashuka kwenu, inasimama, halafu inapanda kule. Akafurahi. Akasema angepanda kumpeleka mama yake kliniki, kwa sababu njia ya kutoka bondeni ni utelezi na mama yake ana mguu mbaya, mvua ikinyesha wanambeba watu wawili.

Halafu akanyamaza, akatazama chini kule kwao kwa muda. Akaniuliza wanaokaa ndani ya hicho kibanda wanaona nini. Nikasema kila kitu, Sista amesema mapaa, mbwa, watu. Akasema: sisi bafu zetu ni mabati manne yaliyosimamishwa, juu hakuna kitu. Tunaoga alfajiri na jioni, saa zile zile watu wanazokwenda na kurudi kazini.

Sista, huko La Paz ilikuwaje? Ameniomba nikuulize, na kesho nitamkuta kwenye zamu.

SistaWaVilima (Jumanne, saa 3:15 usiku)

Mwambie huko ni baridi kali, hakuna bafu nililoliona bila paa, kwa hiyo swali lake sikuwahi kuliwaza. Madirishani waliweka mapazia baada ya kebo kuanza, hilo nakumbuka. Mwambie pia nimeliandika kwenye daftari langu jinsi alivyolisema. Watakapoita watu kutoa maoni nitakwenda, na ningependa twende naye.